Fungu la Themanini na Nane

Josiah Gooch aliinuka mezani mara ya tano, akaenda dirishani, akaona mtaa ule ule na tope lile lile la mwezi Machi, akarudi. Vipande viwili vya karatasi vilikuwa palepale alipoviacha. Alivitazama bila kukaa, kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

Alikuwa fundi saa wa mji wa Marlingham, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, na katibu wa wapigaji kengele wa kanisa la mji huo. Mwaka ulikuwa 1787, siku ilikuwa Jumatano. Jumamosi asubuhi gari la farasi la mizigo lingepita kwenda Norwich, na ndani yake lilipaswa kuwemo bunda moja: kazi zote za marehemu Barnabas Thirkettle, milolongo arobaini na mmoja, iliyonakiliwa kwa mwandiko safi na kuhakikiwa, tayari kwa mpiga chapa. Watu mia na tisa walikwisha kujiandikisha kukinunua kitabu hicho. Kumi na wanane kati yao walikuwa wapigaji wa mji jirani wa Aldersby, na hao hawakukitaka kwa mapenzi. Walikitaka wapate kutafuta kosa.

Thirkettle hakutunga nyimbo. Kengele za Marlingham ni nane, kuanzia ya kwanza, ndogo yenye sauti nyembamba, hadi ya nane, yenye uzito wa ng'ombe wawili. Kila moja ina kamba yake na mtu wake. Zote hulia mara mojamoja kwa kufuatana, kisha hulia tena kwa mpangilio mwingine, kisha mwingine, na sheria ni moja tu: mpangilio uliokwisha kusikika usisikike tena hadi mwisho. Mlolongo kamili una mipangilio elfu tano na arobaini. Unachukua saa tatu na ushei, bila kupumzika na bila karatasi. Mmoja wa wapigaji ndiye mwitaji, katika nafasi zilizopangwa hupaza sauti, "Geuza!", na kwa mwito huo kengele hushika njia mpya kabla hazijarudia ya zamani. Kazi ya mtunzi ni kuamua nafasi hizo. Mlolongo usiojirudia huitwa kweli. Unaojirudia hata mara moja huitwa batili, na ulio batili, hata upigwe kwa ustadi wa malaika, huhesabiwa kuwa haukupigwa. Hauandikwi popote. Kama uliandikwa, unafutwa.

Na huu uliandikwa. Katika chumba cha kamba, mnarani, palikuwa na ubao mweusi wenye herufi za dhahabu: tarehe 2 Februari 1761, mipangilio 5,040, saa tatu na dakika kumi na moja, mtunzi Barnabas Thirkettle. Chini yake majina manane. Saba kati ya hayo yalikuwa sasa pia kwenye mawe ya makaburi. Lililobaki lilikuwa la mwitaji wa siku ile, Eli Catchpole, ambaye alikuwa hai, mwenye miaka sabini na sita, mitaa miwili kutoka pale.

Josiah aliuacha mlolongo huo uwe wa mwisho kwa sababu ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Aliugawa katika mafungu mia tatu na kumi na tano, kila fungu mipangilio kumi na sita, akaandika kila fungu kwenye kipande chake cha karatasi, akavipanga vipande katika visanduku vyake vya meno ya saa. Watunzi wa zamani walihakiki kwa kwenda mbele tu. Walilinganisha vichwa vya mafungu, na kama hapakuwa na vichwa viwili vinavyofanana, waliridhika. Thirkettle alifanya hivyo, na kwa kwenda mbele kazi yake haikuwa na doa.

Lakini Josiah alikuwa fundi saa. Saa inayokwama bila sababu huizungusha kinyumenyume, maana jino lililopinda hujificha ukienda mbele. Basi kwa mazoea ya kazi tu, asubuhi ile alisoma vipande vyake kuanzia mkiani. Mkia wa fungu la mia mbili sitini na moja ulikuwa kichwa cha fungu la themanini na nane. Fungu lile la pili lilikuwa lile la kwanza likitembea kinyumenyume, mipangilio kumi na sita ile ile, kama mtu anayerudi nyumbani akikanyaga nyayo zake mwenyewe.

Alihakiki mara tatu. Mara ya tatu hesabu ilikuwa vilevile.

"Katibu!" Sauti ilitoka mlangoni. Nat Mobbs, mpika bia, aliyeivuta kengele ya nane kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye mabega ya kuiweza, alikuwa ameegemea mwimo. "Nimepita hapa mara mbili, na mara zote mbili umesimama katikati ya chumba. Una nini? Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nina kazi, Nat."

"Kazi ya kusimama? Hiyo hata mimi naiweza." Nat alichungulia visanduku. "Umefika wapi na vitu vya Thirkettle?"

"Wa mwisho."

"Ule wa ubaoni? Loo. Mwache mzee Eli asikie kwamba kitabu kimekwisha, hatutalala mjini humu." Akakunja uso, akatetemesha kidevu, akaigiza sauti ya Eli: "'Mimi, vijana, sijapoteza mwito hata mmoja. Hata mmoja! Tangu enzi za mfalme aliyepita!'" Akacheka peke yake. "Ijumaa mazoezini uje na habari njema, bwana. Nitaleta gudulia kubwa."

Alipoondoka, Josiah alivaa koti. Kulikuwa na desturi, haikuandikwa popote lakini kila mpigaji aliijua, kwamba anayefutwa ubaoni huambiwa kwanza yeye, na uso kwa uso.

*

Dorcas Catchpole alimfungulia mlango huku mikono yake ikiwa na unga hadi viwikoni. Alikuwa bintiye Eli, mjane, mwanamke wa maneno machache. Sufuria la matonge ya unga lilikuwa likichemka motoni. Eli alikaa karibu na moto, miguu imefungwa blanketi. Miaka hamsini ya kufuma sufu ilikuwa imemkunja vidole na kumtia ukungu machoni.

"Nani huyo? Mwendo wa Jo huo," alisema. "Mguu mmoja unauharakisha mwingine. Kaa, mwanangu."

"Nitasimama, Mzee Eli."

"Habari mbaya husimama. Sema."

Josiah alikuwa amepanga maneno njiani. Alipanga pia atakachokiacha. Hangetaja fungu lolote, wala sehemu, wala namba, kwa sababu mtu akishaambiwa mahali pa kosa, kumbukumbu yake huanza kuelekea huko.

"Nimehakiki mlolongo wa Februari mbili. Ni batili."

Kijiko cha Dorcas kilisimama ndani ya sufuria.

"Nani kasema?" Eli aliuliza.

"Hesabu."

"Hesabu ina mdomo? Nakuuliza nani kasema."

"Nimesema mimi. Mara tatu."

"Barnabas Thirkettle alikuwa akitunga milolongo wewe bado unajikojolea." Eli aliyashika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye niliyekutia kamba mkononi, Josiah Gooch. Mimi nilikuonyesha pa kushika. Sasa umekuja jikoni kwangu kunifutia ndugu yangu Amos ubaoni? Na Will Larter? Na Tom Larter? Watu waliokufa, wasioweza kukujibu?"

"Sijaja kumfuta mtu. Nimekuja kukwambia kwanza."

"Umeshaniambia. Nenda katengeneze saa."

"Baba," alisema Dorcas.

"Nimesema aende!"

Josiah alikwenda. Mlangoni Dorcas alimkabidhi tonge la moto lililofungwa kitambaani, kama mtu anavyomkabidhi mgeni kofia yake, akafunga mlango. Alilila akitembea. Alizunguka kanisa mara mbili bila kujua kwa nini, kisha akarudi dukani, ambako saa kumi na mbili za wateja zilikuwa zikigonga, kila moja kwa wakati wake. Siku nyingine hakuzisikia. Jioni ile alizisimamisha moja baada ya nyingine, na ukimya ukawa mbaya zaidi.

*

Alhamisi kabla ya adhuhuri Dorcas alikuja dukani bila shali.

"Hajala tangu jana," alisema. "Yuko kitandani anavuta kamba isiyokuwepo. Anaita, 'Geuza.' Kisha anasema, 'Siyo hapo, mpumbavu we, siyo hapo.' Sasa anakuita wewe."

"Ana hasira?"

"Afadhali angekuwa na hasira."

Eli alikuwa amekalishwa juu ya mito. Alisubiri hadi bintiye atoke, kisha akasema, akiutazama ukuta:

"Barnabas hakukosea."

"Mzee Eli, nimehesabu..."

"Nyamaza, mwanangu, usinikatize, nikikatizwa sitasema tena. Barnabas hakukosea. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeuharibu." Alivuta pumzi. "Unajua kwamba katika sehemu ya tatu kuna mwito mmoja wa ziada."

Josiah alijua. Mlolongo ule una sehemu tisa zinazofanana, isipokuwa katika ile ya tatu, mwishoni mwa fungu la sabini na tisa, Thirkettle aliongeza mwito mmoja.

"Amos alikuwa kwenye kengele ya tatu," Eli aliendelea. "Baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Nikasikia anavuta pua, nikamtazama, damu inamtoka puani inadondokea manyoya ya kamba, pale pa kushikia. Nilimtazama kwa mpigo mmoja, Jo. Mmoja. Nilipogeuza uso, nafasi ya mwito ilikuwa imepita."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Ningesema 'Simameni' ningewasimamisha wanaume saba waliokuwa wamejiandaa miezi minne. Nikanyamaza. Ilipofika sehemu ya nne, mahali palepale, nikauita ule mwito hapo. Nikajiambia, deni limelipwa, kengele zitarudi nyumbani, kwenye mpangilio wa mwanzo. Zikarudi. Wengine hawakujua, wao wanafuata mwito tu. Barnabas mwenyewe hakupiga siku ile, kioo kilikuwa kimemkata mshipa wa mkono. Alisimama makaburini anasikiliza. Baadaye akapanda ngazi, akanishika mkono huu, akasema: 'Eli, kila mwito mahali pake.'" Kidevu chake kilitetemeka, si kama Nat alivyokiigiza. "Na mimi nikanyamaza. Miaka ishirini na sita. Sasa unataka kuandika kwenye kitabu kwamba Barnabas alikuwa mtunzi wa batili. Usiandike. Andika kwamba Catchpole alipoteza mwito."

Josiah alifungua mdomo amwambie ukweli uliokuwa wazi: kwamba kosa alilolipata liko kwenye daftari la Thirkettle, kwa mkono wa Thirkettle mwenyewe, na mwito uliopotezwa mnarani hauwezi kuharibu wino. Neno la kwanza lilikwisha kumfika ulimini. Akalimeza.

Sehemu ya tatu huanza fungu la sabini na moja, huishia la mia na tano. Fungu la themanini na nane limo humo, baada ya mwito; basi siku ile mnarani halikupigwa kama lilivyoandikwa.

Akakaa kitini, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mzee Eli. Ulipouita ule mwito katika sehemu ya nne, kengele yako ilikuwa wapi?"

"Nilivuta ya saba."

"Najua. Kati ya zipi?"

Eli alifumba macho. Mikono yake ilipanda juu ya blanketi, ikashuka, ikapanda. "Ya tano mbele yangu," alisema. "Ya nne nyuma yangu. Nakumbuka kwa sababu ya nne ilikuwa ya Tom Larter, na Tom alinikazia macho kama anayeuliza, 'Huo umetoka wapi?'"

Josiah alitoa kalamu ya risasi, akaandika kwenye kipande cha karatasi: *Ya tano mbele, ya nne nyuma. Kabla ya kuhesabu.* Akaandika tarehe na saa.

"Unaandika nini?"

"Ushahidi."

"Wa kunifunga?"

"Bado sijui. Ule, mzee. Dorcas ana supu."

*

Kuhesabu upya mafungu thelathini na tano, toka mwito uliorukwa hadi ule uliochelewa, si kazi kubwa kwa mtu aliyetulia. Josiah hakutulia. Aliharibu vipande vinne vya kwanza. Alikwenda kisimani kuteka maji ambayo hakuyahitaji. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia saa yake alijibiwa kwa namba.

Jambo lililomsumbua halikuwa hesabu. Alimpenda Eli Catchpole, na kwa hiyo hakumwamini. Mtu mzima aliyeamka na kumbukumbu mpya siku moja baada ya kuambiwa ubao wake unafutwa ni shahidi mbaya, hata akiwa mwema. Hasa akiwa mwema. Lakini Eli hakusema ili ajiokoe. Alisema ili alibebe kosa. Na hakuambiwa mahali.

Ijumaa saa tano asubuhi alifika fungu la mia na kumi na nne, mahali pa ule mwito uliochelewa. Katika daftari la Thirkettle, pale kengele ya saba iko kati ya ya pili na ya sita. Katika vipande vipya alivyovihesabu, mwito wa sehemu ya tatu ukiwa umerukwa, mbele ya ya saba palikuwa na ya tano, na nyuma yake ya nne.

Aliivuta ile karatasi ya ushahidi, akaiweka kando ya kipande. Eli hakujua kusoma wala kuandika. Macho yake hayakuona kijiko chake mwenyewe. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kukisia hayo kitandani.

Kilichobaki ni kutoa vipande thelathini na vitano vya zamani, kutia vipya, na kuhakiki mia tatu na kumi na tano vyote, mbele na kinyumenyume. Alimaliza saa nane mchana. Fungu la mia mbili sitini na moja halikupata tena mwenzake. Hakuna lililopata. Alihakiki tena, kisha akagundua kwamba amekaa saa nzima bila kuinuka.

Kilichoandikwa kilikuwa batili. Kilichopigwa kilikuwa kweli.

*

Eli alisikiliza hesabu yote, akamfanya Josiah airudie, kisha akakasirika.

"Kwa hiyo ningeita sawasawa, tungepiga batili."

"Ndiyo."

"Saa tatu na dakika kumi na moja za batili. Na kwa kuwa nilikuwa mzembe, ikawa kweli."

"Kwa mpigo mmoja wa uzembe."

"Huo ni upuuzi. Mungu hapangi mambo hivyo."

"Sijui Mungu anapangaje. Najua kengele ya tano ilikuwa mbele yako."

Dorcas, aliyekuwa akiosha vyombo, alicheka kwa pua. Babake alimtolea jicho lisiloona.

"Basi imekwisha," Eli alisema. Sauti yake ilikuwa imelainika, na Josiah alijua ombi linakuja. "Andika kitabuni kama nilivyoita mimi. Jina la Barnabas juu yake. Atakuwa na mlolongo wa kweli, na sisi tutakuwa na ubao, na watu wa Aldersby watahesabu hadi wapofuke. Nani atajua?"

Josiah alikuwa akizunguka tena, hatua nne hadi mlangoni, nne kurudi. "Daftari lake lipo. Nikichapisha alichokiandika, nachapisha batili kwa jina lake. Nikichapisha ulichokiita, nachapisha asichokiandika. Siwezi kufanya lolote kati ya hayo nikanyamaza."

"Utafanya nini basi?"

"Nitaandika mstari mmoja. Kwamba huu ni mlolongo kama ulivyopigwa, na kwamba mwitaji aliuhamisha mwito mmoja kutoka sehemu ya tatu hadi ya nne."

"Aliuhamisha!" Eli alicheka kwa uchungu. "Neno zuri. Kila mpigaji atajua maana yake. Hakuna mwitaji anayehamisha. Kuna anayepoteza. Unajua nimewaambia watu wangapi, Jo? Nimewaambia watoto. Nilimwambia kasisi. Nilimwambia Nat Mobbs nikiwa na ncha ya kamba mkononi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na usipoandika mstari huo?"

"Basi siutii kitabuni. Na kwa kuwa ulioandikwa ni batili, na sina karatasi inayosema ulipigwa mwingine, ubao unashuka."

Ulikuwa ukweli mtupu, na aliusema bila kuupamba. Sufuria lilichemka. Eli aligeuza uso kuelekea motoni, akawa anasogeza midomo kama anayehesabu, na Josiah alielewa kwamba anayataja majina manane kwa mpangilio wa kengele zao, kuanzia ya kwanza. Alipofika la saba, lake mwenyewe, hakulitaja. Aliruka hadi la nane.

"Mazoezi ni saa ngapi leo?" aliuliza.

"Kumi na mbili jioni, kama kawaida."

"Mwite Nat Mobbs anichukue. Kama ni kusemwa, nitasema mwenyewe. Sitaki kulisikia kwanza mdomoni mwake."

*

Ngazi za mnara wa Marlingham ni sitini na mbili, za kuzunguka, na mtu mnene hupita kwa ubavu. Nat alimbeba Eli mgongoni kama gunia la kimea, akapanda huku akilalamika kila hatua.

"Mzee, wewe ni mifupa mitupu, mbona mzito hivi? Unakula risasi?"

"Panda, usizungumze. Ulikuwa mvivu kwenye kamba, na ngazini ni mvivu vilevile."

Walimweka kwenye benchi chini ya ubao. Watu saba walisimama kuzunguka, makoti yamevuliwa, gudulia sakafuni. Josiah alieleza hesabu kwanza, kwa maneno machache, kwa sababu hesabu ndiyo iliyokuwa yake. Kisha akampisha Eli.

Eli alisimulia. Alisimulia baridi, na pua ya Amos, na damu kwenye manyoya ya kamba, na jicho la Tom Larter. Aliposema, "Nikaupoteza mwito," alilitamka polepole ili lisihitaji kurudiwa. Kisha akasimulia Barnabas alivyopanda ngazi zile zile na kumshika mkono.

Kamba nane zilining'inia kati yao bila kutikisika.

"Ngoja kwanza," Nat alisema hatimaye. "Miaka kumi na minne iliyopita, Sikukuu ya Mavuno, nilipoteza mwito mmoja. Mmoja. Ukanicharaza na ncha ya kamba mbele ya mchumba wangu."

"Ndiyo."

"Ukasema: 'Catchpole hajapoteza hata mmoja.'"

"Nilisema."

"Na wakati huo ulikuwa umeshaupoteza!"

"Nilikuwa nimeshaupoteza. Na wewe ulistahili kucharazwa, kwa sababu wa kwako haukufanya kitu kuwa kweli. Ulituvuruga tu, tukasimama."

Kwanza alicheka mtu wa kengele ya pili, kisha wengine, kisha Nat mwenyewe, kwa kicheko kilichomlazimisha kushika ukuta. Eli hakucheka. Lakini alinyoosha mkono gizani mwake kutafuta gudulia, na Nat akamwekea mdomoni.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Ubao unabaki. Mchoraji atie mstari mmoja chini ya majina. Nat alitaka herufi kubwa, za dhahabu. Eli alisema ziwe ndogo, nyeupe, na zisipite upana wa kidole. Walibishana kuhusu hilo kuliko walivyobishana kuhusu jambo lingine lolote.

Wakati wa kushuka, Eli alimwita Josiah karibu.

"Alijua?" aliuliza. "Barnabas. Alisimama pale chini saa tatu nzima, na kichwa kile alichokuwa nacho. Alisikia nilichofanya, au hakusikia?"

Josiah alifikiri. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na ilikuwa rahisi kusema hapana, na lolote kati ya hayo lingemlaza mzee usingizi.

"Sijui," alisema. "Daftari lake hakulibadilisha. Zaidi ya hapo hakuna karatasi."

"Hakuna karatasi," Eli alirudia, akatikisa kichwa, na Nat akamwinua.

*

Jumamosi asubuhi gari la mizigo lilisimama mbele ya duka, farasi wakitoa mvuke. Mwendesha gari alishuka, akapuliza mikono.

"Bunda la Norwich, Bwana Gooch. Wameniambia ni kubwa."

"Halipo."

"Halipo vipi? Wamelilipia nafasi."

"Mwambie mpiga chapa asubiri. Mwambie nimepata namna mpya ya kuhakiki, na kwamba sijaitumia kwa mingine."

"Mingine mingapi?"

"Arobaini."

Mwendesha gari alimtazama, akautazama mtaa, akapanda bila kuaga. Josiah alifunga mlango. Alizitia ufunguo saa alizokuwa amezisimamisha tangu Jumatano, zote kumi na mbili, na zilipoanza kugonga, kila moja kwa wakati wake, alikaa. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Kisha akatoa mlolongo wa kwanza wa Barnabas Thirkettle, ule alioutunga akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akatafuta kipande chake cha mwisho, akaanza kuusoma kinyumenyume.